Mfiwa Hashiki Usukani

"Gari tunalo, dada. Dereva ndiye hatujui alipo."

Hayo ndiyo maneno ya trafiki wa Makambako, na hapo ndipo tulipomwacha Yunis Mlowe Jumamosi iliyopita, simu sikioni, miguu juu ya mkeka, siku moja tu baada ya kumzika mama yake pale Yakobi.

Msomaji, najua ulishtuka. Wengine mmenisimamisha mpaka sokoni kuniuliza huyo dereva kafa au kapona. Yunis mwenyewe hakushtuka.

"Sawa," alisema. "Asante."

Akakata simu, akaendelea kukunja blanketi. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Ndipo akawaambia wanawake waliokuwa wamekaa naye, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Lile gari la kukodi limeanguka Makambako."

Nyumba nzima ikapiga yowe. Yeye alitafuta viatu.

Usimlaumu. Tangu habari ya kifo imfikie Dar es Salaam, Yunis hakuwa amedondosha chozi hata moja. Ganzi ilikuwa imempanda, ile ya mguu uliolaliwa vibaya, ila yeye ilimpanda mwili mzima na moyo humo ndani. Watu walimpa pole, akashukuru. Jeneza liliposhushwa, aliwaza kwamba kamba zile ni mpya. Alijiona mbaya kwa kuwaza hivyo, lakini hata huko kujiona mbaya hakukumuuma.

Kwa aliyenunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nampa pumzi moja ashike mkia. Yunis aliliacha gari lake dogo la bluu kwenye maegesho ya uwanja wa ndege Dar, akapanda ndege hadi Songwe, akakodi gari jeupe la juu, akaliendesha mwenyewe hadi nyumbani. Mumewe, Silvanus, hakuja. Alisema yuko Mtwara kikazi na bosi kamnyima ruhusa.

Yunis alipofika Yakobi, kabla hajazima injini, mkono wa baba yake mdogo, mzee Enoki, ulikuwa umeshapita dirishani.

"Ufunguo."

"Wa nini, ba'mdogo?"

"Mfiwa hashiki usukani. Kwetu haijawahi kuwa, na haitaanza na wewe."

Ndivyo ulivyo ukoo wa kina Mlowe. Aliyefiwa huendeshwa. Akijiendesha mwenyewe, wanasema anaiharakisha safari nyingine ya makaburini. Mwenye kazi hiyo ni mkwe, ambaye msibani kwao ndiye punda wa kila mzigo. Basi Yunis akauweka ufunguo mkononi mwa mzee Enoki, na mzee akamkabidhi Lenard, mume wa Peace, mdogo wake Yunis. Alimkabidhi hadharani.

"Mkwe, kazi yako hiyo."

Ndiyo maana, kwa siku zote za msiba, kila mtu alimwona Lenard kwenye usukani. Kachota maji, kaleta masufuria, kafuata wageni stendi. Na ndiyo maana gari lilipoanguka, kila mtu alijua la kusema.

"Lenard huyo," alisema mzee Enoki, huku akipanda pikapu ya jirani kwa shida. "Tangu alfajiri hajaonekana. Kagonga, kakimbia."

"Mguu una nini, ba'mdogo?"

"Baridi. Imeniingia gotini."

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya viazi, na hakukuwa na goti lililokuwa salama Njombe nzima. Yunis hakuuliza tena. Alikaa katikati, kati ya dereva na baba mdogo, na kwa kuwa mzee Enoki ni mfupi, kichwa chake hakikupita bega la Yunis. Njia nzima mzee alisema, na njia nzima Yunis alihesabu lori za mbao bila kujua anazihesabia nini.

Makambako, kituoni, gari jeupe lilikuwa limesimamishwa uani. Bampa la mbele lilikuwa limekunjamana, taa moja imetoka nje, na kioo cha mbele kimepasuka kama ukoko wa ugali.

"Liliingia mtaroni hapo kabla ya mjini, likapiga nguzo," alieleza trafiki, Afande Anselmi, kijana mwenye adabu na shavu lililopasuka kwa baridi. "Ukungu ulikuwa mzito. Tulilikuta milango iko wazi, mtu hakuna. Bahati hajagongwa mtu."

"Sawa," alisema Yunis.

Afande alimwangalia vizuri. Watu wengi wakiona gari lao namna ile hushika kichwa.

Pembeni alisimama bwana mmoja mwenye tai na koti la mvua. Ndiye Wiliam, wa kampuni iliyomkodisha Yunis lile gari, aliyepigiwa simu na polisi mapema na kufunga safari kutoka Songwe. Bwana huyu alikuwa mpole kiasi cha kutia hofu. Kila habari mbaya aliitanguliza kwa pole.

"Pole kwa msiba, dada. Ulichukua bima kubwa, sivyo?"

"Ndiyo."

"Na ile nyongeza? Ili hata kile kiasi cha kwanza ambacho mteja hubeba mwenyewe, usikibebe?"

"Yule binti aliniuliza. Nikamwambia aweke."

"Vizuri sana. Gari ulilipiga picha kabla ya kuondoka?"

"Pande zote. Na ndani."

"Wateja wangekuwa kama wewe! Vioo na matairi bima haigusi, lakini hayo ni madogo." Wiliam alikohoa. "Pole tena, dada. Sasa nani alikuwa anaendesha?"

Mzee Enoki akamwahi Yunis. "Mkwe wetu. Lenard."

"Jina lake halimo kwenye mkataba."

"Anajua kuendesha. Ana leseni ya lori."

"Hata angekuwa na leseni ya meli, mzee wangu. Bima haifuati gari. Inafuata majina ya walioandikwa kuliendesha." Wiliam akamgeukia Yunis. "Kaunta, waliuliza kama kuna dereva wa pili."

Yunis alikumbuka. Aliuona mkono wa yule binti ukisubiri na kalamu, foleni nyuma, begi miguuni. Alikumbuka alivyojibu: "Hakuna. Niko peke yangu." Ingetosha kupiga simu nyumbani na kutumiwa picha ya leseni ya Lenard. Lakini siku ile kufungua mdomo mara ya pili kulimshinda.

Msomaji wangu, nakuomba jambo moja. Ukikodi gari kwenda msibani, harusini au kipaimara, usiseme uko peke yako. Hakuna anayekwenda msibani peke yake katika nchi hii. Andikisha shemeji, andikisha mkwe, andikisha yule binamu anayependa usukani kuliko chakula. Utafika, na ufunguo utaombwa, na wewe utautoa.

"Kwa hiyo?" aliuliza Yunis.

"Kwa hiyo kuna njia mbili, dada, na mimi siwezi kukuchagulia. Kama wewe ndiye uliyetoa ufunguo kwa hiari, bima inajitoa, na gari zima ni lako kulilipa. Kama mtu alilichukua bila ruhusa yako, huo ni wizi. Wizi bima inaulipa. Ila lazima uandike maelezo polisi na umtaje."

Mzee Enoki alishusha pumzi, tena kwa sauti.

"Basi limekwisha hilo. Aandike. Lenard kaiba gari."

"Ba'mdogo, Lenard hakuiba."

"Wewe ulimpa ufunguo? Mkono kwa mkono?"

"Hapana. Nilikupa wewe."

"Basi! Wewe hukumpa. Andika hivyo." Akamsogelea, akashusha sauti. "Yunis, fikiri. Hili gari utalilipa na nini? Una kitu gani wewe zaidi ya lile shamba la miti aliloliacha mama yako? Kaipanda akiwa na wewe mgongoni. Uikate uwape watu wa Songwe? Mkwe ni mtu wa kuja tu. Atafungwa kidogo, atatoka."

Neno hilo lilimfikia Yunis polepole, na lilipofika halikumuuma. Aliona tu kwamba ni hesabu nyepesi. Miti ya mama upande huu, Lenard upande ule. Angeweza kusaini, kisha akarudi kwenye mkeka wake kukunja blanketi.

Afande Anselmi akaweka karatasi juu ya boneti, akaizuia isipeperuke kwa kofia.

"Nisubiri kidogo," alisema Yunis. "Nipige simu moja."

Nani angedhani alikuwa anampigia mtu wa maegesho? Lakini mtu mwenye ganzi hufanya yale madogo anayoyaweza. Alikumbuka kwamba alikadiria siku chache, na mhudumu wa pale uwanja wa ndege, mama mmoja aitwaye Matilda, alimwambia: ukichelewa kurudi, nipigie, ili usije ukakuta gari limefungwa mnyororo.

"Mama Matilda, ni yule dada wa gari la bluu. Naomba kuongeza siku."

"Gari la bluu? Lenye mkwaruzo nyuma?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, hilo lilishatoka tangu juzi."

Yunis alitazama kiatu chake. "Limetokaje?"

"Kaja baba mmoja na ufunguo. Kafungua, tiketi iko hapo kwenye dashibodi, kalipa, katoka. Ningemzuia kwa lipi? Si nilikuambia tiketi huwa haiachwi garini? Tembea nayo mkobani. Anayeshika ufunguo na tiketi kwetu ndiye mwenye gari."

"Uliniambia, mama. Asante."

Akakata. Magari mawili, yote yamekwenda, na yeye mapigo ya moyo hayakubadilika hata kidogo. Alijiambia ni wezi. Ufunguo wa akiba ulikuwa umening'inia nyumbani, kwenye msumari karibu na friji. Watakuwa wamevunja nyumba pia. Sawa.

Akaishika kalamu.

"Dada!"

Peace aliingia uani akikimbia, khanga ya msiba imemlegea kiunoni, na nyuma yake, akishuka kwenye bodaboda, Lenard mwenyewe. Si mtoro, si majeruhi. Mrefu kama mlingoti, mikono imejaa vumbi la mbao.

Afande Anselmi akamwahi. "Wewe ndiye Lenard?"

"Ndiye mimi. Kamwene," alimsalimu kwa lugha ya kwao. Akamwinamia mzee Enoki. "Shikamoo, baba."

Mzee Enoki akageuza uso.

"Alikuwa Uwemba!" Peace alilia. Peace alikuwa amelia siku zote, kwa niaba yake na kwa niaba ya dada yake. "Tangu asubuhi yuko kwao Uwemba, anarudisha mabenchi tuliyoazima! Muulizeni yeyote!"

"Kwenye gari, asubuhi moja inakupeleka Uwemba na Makambako kote," alisema mzee Enoki.

Afande akamkalisha Lenard kwenye benchi fupi lililokuwa ukutani. Magoti yake yakapanda karibu na kidevu.

"Ufunguo ulikuwa nao wewe?"

"Nilikuwa nao."

"Asubuhi hii ulikuwa nao?"

Lenard alitazama chini. "Hapana."

"Ulimpa nani?"

Lenard alipangusa vumbi la mbao mikononi. "Afande, mimi ni mkwe. Matanga hayajaanuliwa. Mkwe hafungui mdomo juu ya watu wa nyumba ile mpaka matanga yaanuliwe."

"Utafungwa, bwana!"

"Naelewa."

"Si mnaona?" alisema mzee Enoki. "Hana la kujitetea."

Peace alipiga magoti kwenye changarawe, akashika sketi ya Yunis kwa mikono miwili. "Dada, jana tumemzika mama. Leo unataka kumzika na mume wangu? Sema kitu! Wewe una nini? Hulii, huongei, umekuwa jiwe?"

Yunis alitaka kumjibu. Alitafuta ndani yake hasira, au huruma, hakuona hata kimoja. Hilo lilimtisha, ingawa kwa mbali, kama vile anatishwa mtu mwingine.

"Nitoe kwanza vitu vyangu garini," alisema. "Kuna shali ya mama."

Afande akaitikia kwa kichwa. Shali ilikuwa imeanguka upande wa abiria, chini. Kwa mazoea, Yunis alifungua mlango wa dereva na kujitupa kwenye kiti kama alivyojitupa siku ile Songwe.

Magoti yake yakagonga chini ya usukani, kwa nguvu.

Maumivu! Yalipanda kutoka gotini mpaka kwenye meno. Yunis aligumia, akayashika magoti yake, macho yakamtoka. Kilikuwa kitu cha kwanza kukihisi tangu ile simu ya kifo, na kwa muda alikaa nacho tu, akikishangaa.

Kisha akajiuliza kwa nini.

Songwe hakugonga. Alikaa, akanyoosha miguu, akaondoka. Na aliyemfuata kwenye kiti hiki ni Lenard, ambaye lazima alikisukuma nyuma kabisa ndipo aenee. Sasa kiti kilikuwa kimevutwa mbele hadi mwisho wa reli yake. Lenard asingeweza kuingiza hata goti moja.

Yunis aligeuza kichwa. Kupitia kioo kilichopasuka alimwona baba yake mdogo amesimama kwa mguu mmoja, anasugua goti. Goti la baridi.

Akashuka.

"Ba'mdogo, hebu njoo ukae hapa."

"Nikae wapi?"

"Kwenye kiti cha dereva. Dakika moja tu."

"Una wazimu? Mimi nimefiwa na shemeji yangu. Mfiwa hashiki usukani!"

"Ndiyo," alisema Yunis. "Ndivyo ulivyoniambia."

Lenard aliinua uso kwa mara ya kwanza. Afande Anselmi alimtazama mzee, akatazama kiti, akatazama magoti ya Lenard pale kwenye benchi, na kofia yake akaivaa kichwani.

"Andika, Afande," alisema Yunis. "Ufunguo niliutoa mimi, kwa hiari yangu, kwa mkono wangu, nikampa baba yangu mdogo, Enoki Mlowe. Hakuna aliyeiba. Aliyeendesha leo alfajiri ni yeye, na huyu shemeji yangu mumwache akaendelee na mabenchi yake."

"Pole sana, dada," alisema Wiliam, na safari hii alimaanisha. "Unajua ukiandika hivyo bima inatoka?"

"Najua."

"Unajua gari linakuwa lako?"

"Najua. Nitaikata miti ya mama. Mama angeikata mwenyewe kwa ajili ya mkwe wake."

Akasaini. Peace alimkumbatia miguu. Yunis alihisi joto la mashavu yake kupitia sketi, na machozi yakiilowesha. Alihisi. Ganzi ilikuwa inaachia, na msomaji uliyewahi kulalia mguu unajua ganzi ikiachia inavyochoma.

Ndipo mzee Enoki alipocheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kikavu, cha mtu aliyeishiwa.

"Miti ya mama! Mjinga wewe. Utakata miti gani? Ile miti imeshauzwa."

"Imeuzwa na nani?"

"Usiniulize mimi peke yangu. Unadhani alfajiri hii nilikuwa nampeleka nani Makambako kwa mnunuzi wa mbao? Nilikuwa naendesha gari kwa raha zangu? Muulize aliyekuwa amekaa pembeni yangu. Yuko hapo ng'ambo, gesti alikoliacha gari lake asitambulike Yakobi, anasubiri usaini maelezo arudi zake Dar."

Yunis aligeuka taratibu.

Ng'ambo ya barabara kuu kulikuwa na gesti yenye ukuta wa kijani, na mbele ya gesti gari moja tu limeegeshwa. Dogo, la bluu, lenye mkwaruzo nyuma ambao Yunis aliuweka mwenyewe akirudi kanisani Dar. Ndani ya gari alikaa mwanamume mwenye bandeji kichwani. Yunis hakuhitaji kumwona uso. Shingo ile alikuwa amelala nayo miaka saba.

Silvanus wa Mtwara.

Kilio kilimtoka Yunis bila kumwomba ruhusa, kilio cha mama yake, cha jana na cha juzi, kikubwa hadi wauza maparachichi wakasimama. Akakimbia. Alitoka getini huku analia, shali ya mama mkononi, goti likimchoma, akaingia barabarani bila kutazama kulia wala kushoto, na lori la mbao likampigia honi mfululizo.

Silvanus akamwona kwenye kioo, akaweka gia.